Mkate wa Bi Hadiya

Yaliyomfika Sabina yalianza mchana kweupe, siku ya kufua. Alikuwa uani kwake Mkolani, akimsimulia jirani yake Evelina habari za Bi Hadiya, aliyewauzia mikate ya mchele utotoni. Bibi yule aliioka kwa makaa juu na chini, akaipitisha mitaani kwa beseni, na harufu ya iliki na nazi ikamtangulia. Watoto waliacha mpira wakamkimbilia. Alipofariki, Sabina alilia hadi homa ikampanda.

"Natamani arudi hata leo," alisema, akikamua shuka.

Binti yake Odeta akatoka ndani, macho yamejaa usingizi. Anatafuna.

"Unakula nini?"

"Mkate. Bibi kanipa dirishani."

"Bibi gani?"

"Wa beseni. Nimemwambia shikamoo, akasema, 'Marahaba mjukuu wangu.' Anasema wewe ndiye umemwita."

Sabina alimfungua mwanawe kinywa. Harufu ya iliki ikampiga usoni.

Tangu siku hiyo Odeta hakugusa ugali wala uji. Hospitali walipima, hawakuona kitu. Mchungaji aliomba, akafunga. Mtoto alizidi kukonda, lakini kila mchana alitafuna. Kinywa kitupu. Alitafuna na kumeza.

"Mama Odeta," Evelina alinong'ona, "kuna chakula ambacho mtu akishakionja, si wetu tena."

"Nyamaza, dada."

Odeta alikata roho mchana. Walipomwosha, taya zilikuwa bado zinacheza. Evelina alizifunga kwa kitambaa, asimwambie mtu.

Matanga yalipokwisha, Sabina alijifungia chumbani kwa mtoto. Evelina, akipita uani, alimwona kupitia nondo za dirisha. Ameshika kipande cha mkate. Kilikuwa kimeng'atwa pembeni, alama za meno madogo, na pengo katikati.

"Ni pengo la Odeta," Sabina alisema taratibu. "Jino lile nilimng'oa mwenyewe."

"Kitupe! Nakuomba, kitupe!"

Sabina alikinusa. Akafumba macho. Akang'ata.

Evelina alikimbia kuita watu. Mlango ulikuwa na komeo kwa ndani, vijana wakauvunja. Hapakuwa na mtu. Nondo zilikuwa nzima.

Dirishani palikuwa na kile kipande, alama za meno madogo na makubwa ubavu kwa ubavu. Kilikuwa kinafuka mvuke.