Dirisha Lenye Tumbo

Wakonyo aliporudi kutoka kuanika nguo, alikuta godoro dogo la kiti cha dirishani limebonyea katikati, kana kwamba mtu mzima ametoka tu kuinuka. Shiko, binti yake wa miaka minne, alikuwa ameketi kando ya ule mbonyeo, sahani tupu mapajani.

"Umemaliza yote?"

"Nimempa cucu."

Shiko hakuwa na nyanya aliye hai.

Mumewe, Chege, ndiye aliyelitaka dirisha hilo walipojenga nyumba yao huko Mugutha: la mviringo, limetokeza nje kama tumbo, na kiti cha kukalia ndani yake. Wakonyo alitaka tangi la maji.

Mvua zilipoisha, Shiko alikuwa amekonda, mbavu zinaonekana. Daktari wa Ruiru hakuona ugonjwa. Na kila mchana, Chege akiwa kiwandani Thika na nyumba imetulia, Wakonyo alisikia mtu akihema pale dirishani, taratibu, kwa kifua kizito, kisha harufu ya ugoro na udongo mbichi ikaja hadi jikoni, na alipochungulia aliona kioo kikishika ukungu juu ya kichwa cha Shiko, mahali ambapo mdomo wa mtoto haungeweza kufika.

Alimwita Mzee Kagwe, aliyewauzia ploti. Mzee alisimama nje, akakataa chai.

"Si niliwaonyesha mama yangu amelala wapi?"

"Na tukapaacha, mzee. Msingi haukugusa kaburi."

"Msingi, sawa. Sasa inua macho."

Wakonyo aliinua. Tumbo la dirisha lilikuwa limening'inia juu ya kaburi lote.

"Mmemwekea mtoto kifuani," Kagwe alinong'ona. "Na mama hakuwa mtu wa kuachilia mtoto."

Kesho yake akina mama wa kanisa waliimba huku fundi Wamalwa akibomoa dirisha.

"Mama Shiko, kazi safi hivi, kweli?"

"Vunja, Wamalwa."

Jioni ukuta ulikuwa umenyooka. Ile harufu ilikuwa imeisha. Wakonyo alimlaza Shiko, lakini mtoto akajibana ukingoni mwa kitanda, mguu mmoja nje.

"Songa katikati, utaanguka."

"Siwezi, mami. Mmevunja kiti cha cucu," Shiko alisema kwa sauti ya chini. "Nimemwambia alale na mimi."

Katikati ya kitanda, godoro lilikuwa limebonyea.