Pumzi Juu ya Akwamarini

Rafiki yangu Lusajo hanywi pombe wala hana mizaha. Anapima vito pale Bariadi, na haya alinisimulia mwenyewe.

Asubuhi moja aliingia Yusta, mjane kutoka Dutwa, akafungua pindo la kanga na kutoa kito cha bluu, akwamarini. Mume wake Mwandu alikuwa mchimbaji, shimo lilimfukia. Walipomfukua siku ya tatu, jiwe lilikuwa ndani ya ngumi yake.

"Mwangaluka, kaka," alisalimia kwa Kisukuma. "Nitazamie kama ni halisi. Nataka kuliuza, watoto wasome."

Lusajo alifunga dirisha, akalimulika kwa tochi gizani. Halikuwa na ufa. Akafungua, akaliweka kwenye karatasi nyeupe: bluu ya maji yaliyotulia, bila ukijani hata kidogo. Likabaki jambo moja. Jiwe halisi ukilipulizia pumzi, ukungu hufutika mara moja, kwenye kioo hukawia. Akalipulizia. Ukungu ukafutika papo hapo.

"Ni lenyewe, dada."

Akainama kuandika rangi na uzito. Chumba kilikuwa kimya, kalamu tu ikikwaruza. Alipoinua macho, ukungu ulikuwa umetanda tena juu ya jiwe, na hakuna aliyelisogelea. Ukafutika. Baada ya muda ukarudi, ukafutika.

Yusta hakushtuka. Alikuwa akilia.

"Siku niliyoletewa jiwe, ukungu ulikuwa unakuja haraka haraka, kama mtu anayehema," alisema. "Sasa unachelewa."

Wakakaa wote wawili, macho kwenye jiwe, wakisubiri urudi.