Maziwa ya Syntiche

Asubuhi, wanawake wa mutaa walianika ndagala, samaki wadogo wa ziwa, kwenye muchanga huku wakitaniana. Syntiche aliwasikia akiwa ndani. Zamani alicheka pamoja nao. Tangu amuzae Keren, mutoto wake wa kwanza, hakutoka tena. Ruphin, mume wake, alikuwa ziwani akivua. Mama yake mzazi alikuwa mbali, Zongwe. Watu walikuja kupongeza, lakini wote walimuangalia mutoto. Hakuna aliyemuuliza: "Na wewe?"

Alilia bila kujua sababu. Usingizi ulimukimbia. Keren akilia, alimuangalia kama mutoto wa jirani. Hiyo ndiyo ilimuogopesha zaidi.

Mama Consolate, mama ya Ruphin, alikasirika.

"Mama mwenye kulia ananyonyesha machozi. Maziwa yake imeharibika. Leta mutoto!"

Siku kadhaa akamupa Keren uji mwepesi tu. Kisha akafunga mizigo, ampeleke mutoto Moba kwa shangazi yake. Syntiche hakukataa. Alifikiri: labda kule atapata mama wa kweli.

Siku ile ile akafika Mama Huguette, anayetembelea nyumba kwa ajili ya kituo cha afya. Alimukuta Keren amekonda, ananyonya ngumi.

"Mutoto ana njaa, na maziwa inalowesha nguo ya mama yake! Mama Consolate, unaficha chakula cha mutu?"

"Iko machozi ndani."

"Machozi inatoka kwa macho, Mama. Ulipofiwa na mume wako, Papa Éliézer, ulilia, na Ruphin alikuwa ananyonya. Ulimupa nini, bia?"

Consolate alicheka kidogo, akainamisha kichwa.

Huguette akaketi kwenye mukeka. "Na wewe, mwanangu, unajisikia namna gani?"

"Simupendi, Mama. Mimi ni mutu mubaya."

"Hapana, uko mugonjwa. Ugonjwa huu unakamata wamama wengi kisha kuzaa. Haiko ulozi, haiko uvivu. Unafunga moyo, mama asimusikie mutoto wake. Lakini unapona. Unawaza kujiumiza, ao kumuumiza mutoto?"

"Mutoto, hapana. Mimi... siku zingine natamani nisiamuke tena."

"Basi tunaenda leo. Mawazo hiyo haingoji kesho. Na nyinyi, musimuache peke yake."

Kule kituoni waliongea naye polepole. Walimupa dawa isiyozuia kunyonyesha, wakamuambia arudi mara kwa mara. Consolate alifungua mizigo. Alichota maji, alipika ugali wa bukari. Ruphin aliporudi, akabaki nyumbani.

Kila siku walimulaza Keren kifuani kwa Syntiche, ngozi kwa ngozi. Mutoto alinenepa upesi. Moyo wa mama ulichelewa. Mikono yake ilikuwa kama miti.

"Sisikii kitu," alisema.

"Usijilazimishe," Huguette alijibu. "Upendo nao unakomaa."

Juma nyingi zikapita. Siku moja Keren alilia mikononi mwa Consolate. Bibi alimuimbia, alimurusharusha. Wapi! Syntiche akaacha kufua.

"Nipe mutoto wangu."

Hakuwa amemuomba hata siku moja. Keren aliposikia sauti ile, akanyamaza kabla ya kufika kifuani, akageuza kichwa.

"Kumbe," Syntiche alisema, "alikuwa ananitafuta."