Puce ya Prudent

Kila siku baada ya masomo Noëlla alikuwa na utaratibu wake, na ole wake aliyeuvuruga. Alivua sare, akafagia ua wao wa kule Mudzipela, mtaa wa Bunia, akachota madumu mawili ya maji. Kisha, wakati mama yake, Mama Solange, bado yuko sokoni na dada yake mkubwa Adèle, aliyemwita yaya, bado yuko chuoni, alichukua mashini, akapanda nayo kitandani na kutazama filamu.

Mashini ndilo jina waliloipa kompyuta ya kukunja waliyoachiwa na mjomba wao. Ilikuwa kuukuu, lakini Adèle aliitegemea, kwa maana ndani yake aliandika kazi yake ya kumaliza masomo. Mama Solange, adui mkubwa wa vumbi jekundu la Bunia, aliishonea nguo kwa kipande cha kitenge kilichobaki kwenye arusi ya binamu yao, kitenge cha bluu chenye maua ya njano. Nguo yenyewe ilishonwa kama jalada la kitabu, hivi kwamba mtu angeweza kufungua mashini bila kuivua. Adèle aliivua kila mara, akaiweka mashini mezani. Noëlla hakuwa na muda wa kuvua nguo za watu.

Ijumaa moja jioni Adèle alifungua mashini. Kioo kizima kilijaa mistari myekundu na ya kijani, kutoka juu hadi chini, na picha imekatikakatika. Aliizima, akaiwasha tena. Mistari ikarudi.

"Jumatatu asubuhi profesa anangojea kazi yangu," alisema, na sauti yake ilikuwa kavu. "Sura ya mwisho bado. Nikikosa, narudia mwaka muzima."

Alimpigia simu Bijou, fundi wa kompyuta karibu na soko kuu, akaweka sauti juu ili wote wasikie. Bijou aliuliza kama mistari inaonekana tangu mashini inapoamka. Adèle akasema ndiyo.

"Basi naona kama puce imekufa," Bijou alisema. "Muniletee kesho asubuhi."

Puce! Kila mtoto wa Bunia anajua puce: ni kile kipande kidogo unachotia ndani ya simu ili upate mtandao. Na Noëlla alikumbuka vizuri sana kwamba juzi alimwona Prudent, mdogo wao wa miaka kumi, akichomoa puce kwenye kile kifaa cha mtandao kinachochomekwa ubavuni mwa mashini, aitie kwenye simu ya mama asikilize matokeo ya mpira. Hasira ikampanda mpaka masikio yakawaka. Hakuuliza wala hakungoja. Alitoka uani, akamshika Prudent na kumzaba kofi la sikio.

"Weye ndiye ulitoa puce," alisema. "Umeua mashini ya yaya Adèle. Mwaka wake umepotea juu yako."

"Mimi nilitoa kidogo tu, nikarudisha," Prudent alilia. "Puce iko nzima."

Nani angemsikiliza? Mama Solange aliporudi, miguu inamuuma na chakula bado hakijapikwa, Noëlla alikuwa wa kwanza kusimulia, na alisimulia kwa ufundi. Mama naye alikasirika. Prudent, ambaye ndiye kipa wa timu ya mtaa, alinyimwa mechi ya Jumamosi. Badala yake angeenda kwa fundi na dada zake, akaone kwa macho yake alichoharibu.

Bijou alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani juu ya paji la uso, na ukali wake ulijulikana tangu sokoni hadi kwenye kituo cha pikipiki za Komanda. Hakuigusa mashini kwanza. Aliwatazama wao.

"Kila siku watu wananiletea vitu viwili," alisema. "Mashini na uongo. Mashini ninaweza kutengeneza. Sasa nijibuni. Inafanyia kazi wapi?"

"Mezani," Adèle alisema.

"Na weye pia unaitumia?" Bijou alimgeukia Noëlla.

"Kidogo. Mezani vilevile."

"Haichomi moto? Haipigi kelele, haijazimikazimika?"

"Hapana," Noëlla alisema.

"Mashini iliyokaa mezani, haijachoma hata siku moja, si rahisi puce yake ife," Bijou alisema. "Basi labda ni waya wa kioo." Akashika bisibisi, akafungua kioo, akakagua waya wake sehemu moja baada ya nyingine, akausafisha na kuurudisha. Saa nzima ikapita. Adèle alikuwa akitazama saa na kuuma mdomo. Bijou aliwasha. Mistari ilikuwa palepale.

Ndipo akachukua kioo kingine kikubwa, akakiunganisha na mashini kwa waya. Mistari ileile ikatokea na huko.

"Vioo viwili haviwezi kuugua ugonjwa mumoja siku moja," alisema polepole, na ule upole wake ulitisha kuliko kelele. "Kwa hiyo kioo hakina neno. Ni puce, kama nilivyosema jana. Ningeanza na jaribio hili, lakini nilimuamini mutu. Saa yangu moja imekwenda."

Prudent, aliyekuwa amejibanza mlangoni, alisogea mbele. Alifungua kiganja. Ndani yake mlikuwa na puce ya mtandao, imefungwa kwa karatasi ya daftari ili isichafuke.

"Shangazi, puce ni hii," alisema. "Nimeileta. Kama utairudisha, mashini itapona?"

Bijou alishusha miwani, akaichukua puce, akamtazama mtoto. "Nani alikuambia ni hii?"

Prudent alishika sikio lake.

"Mutoto wangu, hii ni puce ya simu. Mimi nasema puce ya picha, imebandikwa huku ndani, na kidole chako hakifiki. Inachora kila kitu unachoona kwenye kioo. Kinachoiua ni joto." Aliigeuza mashini, akatoa kifuniko cha chini na kuinua feni. Mahali pa kupitishia hewa palikuwa pameziba kabisa. Bijou alivuta kwa kibanio tonge la vumbi na nyuzi, akaliweka juu ya meza. Nyuzi zilikuwa za bluu na njano.

Adèle alitazama nyuzi. Akatazama nguo ya kitenge mkononi mwake. Halafu akamtazama Noëlla, na macho hayo Noëlla hakuyaweza.

Hasira yote aliyokuja nayo haikuwa na pa kwenda tena isipokuwa kwake mwenyewe. "Nilikuwa naitumia kitandani," alisema. "Ikiwa ndani ya nguo yake. Ilikuwa inachoma mpaka mapaja yananiuma, na feni inalia. Tangu wiki tatu picha ilikuwa inarukaruka. Nilifunga, nikanyamaza."

"Wiki tatu?" Adèle alisema. "Ukanyamaza? Na ukamupiga Prudent?" Alisimama, akatoka nje, akakaa kwenye ngazi ya mlango akiwapa mgongo. Noëlla angependelea kofi.

Bijou naye alikuwa amekasirika, lakini mikono yake iliendelea na kazi. "Mungeileta wiki tatu nyuma, ningesafisha feni tu, basi. Sasa puce imekwisha. Kuna mafundi wanaipasha moto mukali, inaamka, munafurahi, kisha wiki mbili inakufa tena. Hiyo sifanyi. Kazi ya namna ile ni uongo vilevile."

"Kwa hiyo mwaka wa yaya umepotea?" Noëlla aliuliza kwa shida.

"Sijasema. Mashini hii ina puce mbili za picha. Moja kubwa, ndiyo imekufa. Nyingine ndogo, iko ndani ya ubongo wake. Nitafunga kubwa, ndogo ibebe kazi. Filamu zitakuwa zinakwamakwama. Kuandika, itaandika."

Alisafisha feni, akapaka dawa mpya ya kupoza, akairudisha. Kisha akawasha mashini na kuingia kwenye mipangilio inayofunguka kabla haijaamka vizuri, akisoma kwa taabu katikati ya mistari, akabonyeza hapa na pale. Mashini ilizimika na kuwaka tena. Kioo kilikuwa cheupe, hakina hata mstari mmoja. Adèle aliitwa ndani, akafungua kazi yake, akaikuta yote. Alikaa palepale akaanza kuandika sura ya mwisho, na Jumatatu asubuhi profesa aliipokea.

Adèle akiwa bado anaandika, Bijou alimrudishia Prudent puce yake. Halafu akamwita Noëlla karibu.

"Mashini haina mudomo," alisema. "Mudomo wake ni yule aliyeitumia. Weye ukidanganya, mimi nafungua mahali pasipo ugonjwa, na ugonjwa unaendelea. Wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Weye ulificha, na aliyelipa ni mutoto huyu. Kosa lako likitoka kinywani mwako mapema, ni dogo. Likitolewa na kibanio cha fundi, limeshakuwa kubwa."

Walirudi kwa miguu, Adèle mbele na mashini yake bila nguo. Sauti za mechi zilisikika kutoka uwanjani, na Prudent alipunguza mwendo ili asikilize. Noëlla alipunguza wa kwake.

"Nikifika nitamwambia mama yote," alisema. "Unisamehe, Prudent. Puce iliyokufa haikuwa yako."

Prudent alifikiri kwanza, maana jambo lilikuwa zito.

"Na sikio?"

"Na sikio pia."

"Basi umwambie mama na hilo," Prudent alisema, akaweka puce mfukoni.