Tokeni za Ijumaa

"Hivi nyie wenzetu, umeme wenu hununuliwa na malaika?"

Swali hilo Mama Happyness alimtupia Anitha asubuhi moja ya mwezi wa nane, akiwa ameegemea ua wa matete uliotenganisha nyumba zao pale Kilosa mjini. Kwake yuniti za umeme zilikuwa zimekwisha tangu jana jioni, wamelala na mshumaa. Kwa kina Anitha taa ya barazani ilikuwa inawaka mchana kweupe, friji inanguruma, na nyuma ya nyumba kaka yake Yared alikuwa anachomelea geti la watu, cheche zinaruka hadi juu ya mapapai.

"Tunanunua kama wewe, mama," Anitha alijibu.

"Unanunua au unanunuliwa? Maana kila Ijumaa nasikia simu yako inalia 'ting', kijana wa Kisukuma katuma tokeni. Usinifiche, mwanangu, nimekula chumvi nyingi."

Anitha alicheka kwa mdomo tu. Alirudi kwenye cherehani yake, akakanyaga, na mshono wa sketi ya mteja ukaenda upande. Ilibidi aufumue wote.

Kijana alikuwepo kweli. Walikutana Novemba ya mwaka uliotangulia, sokoni, siku ambayo nusu ya mji ilikuwa imepanga foleni mbele ya meza moja. Mita za LUKU, zile za umeme wa kulipia kabla, zilitakiwa kuhuishwa, na kila mteja alipewa mistari mitatu ya namba, kila mstari namba ishirini. Watu walibonyeza mpaka vidole vikauma. Nyuma ya meza alisimama Ngolo, mwana wa Mzee Masunga wa Mvumi, mrefu, rifleta ya kijani, kile kizibao cha kung'aa, kifuani, kishikwambi mkononi, jasho linamtiririka na bado anatabasamu. Anitha alifika amevaa gauni la kitenge cha njano na zambarau alilolishona mwenyewe, mikono imejaa kama puto, na uso umenuna.

"Dada, umekwama wapi?"

"Sijakwama mimi. Mita yenu ndiyo haitaki kusikia."

"Hebu nione karatasi. Ahaa! Umeanza na mstari wa pili. Mtu anavaa koti kwanza ndipo avae shati?"

"Unamfundisha fundi cherehani kuvaa?"

Foleni ikaangua kicheko. Mzee mmoja aliyekuwa amekumbatia jogoo akapaza sauti: "Mpe namba ya simu mmalize, jua linatuua!"

Ngolo akaichukua ile namba, eti athibitishe kama mita imekubali. Jioni akapiga.

"Imekubali?"

"Imekubali."

"Na mwenye mita je?"

"Mwenye mita ni marehemu baba yangu, Theodory. Jina lake ndilo lipo kwenye mfumo mpaka leo."

"Pole sana. Sikujua."

"Usijali. Mimi ndiye bado sijasajiliwa na mtu."

Wote wawili wakacheka mpaka Mama Yared, aliyekuwa chumba cha pili katika sala zake za jioni, akakohoa.

Januari Ngolo alihamishiwa Mikumi, kwenye ofisi ya kampuni iliyopewa kazi ya kung'oa mita za zamani na kuweka mpya. Huko alikuwa anazisoma mita zilizong'olewa na kuingiza hesabu zake kwenye kompyuta. Mapenzi yakawa ya simu, na kila Ijumaa saa saba mchana, ting: tokeni, namba ishirini.

"Fundi Nguo, umeme wako huo. Ushone ukinikumbuka."

"Wenzangu wanatumiwa maua, Fundi Umeme."

"Maua yanakauka, mpenzi. Yuniti zinawaka."

Mama Yared ndiye aliyekuwa mgumu. Alikuwa mjane wa miaka tisa, mama wa kanisa, mwenye maneno machache. "Ng'ombe wa hao Wasukuma walilala kwenye mahindi ya baba yenu kule Kisanga," alisema. "Hakusahau mpaka anakufa." Lakini Ngolo alikuja mara ya kwanza, akainama, kofia kifuani, akasema "Shikamoo mama," na kabla hajakaribishwa kiti akawa ameshaona swichi iliyolegea ukutani na kuomba bisibisi. "Marahaba, baba," mama aliitika. Mwezi wa sita barua ya posa ilipokelewa. Mahari ilipangwa Oktoba, ng'ombe waje kutoka Mvumi.

Sasa, Yared. Kwa Anitha huyu alikuwa kaka na baba kwa pamoja. Baba yao alipofariki, Yared aliuza mbuzi wake wanne ili mdogo wake asome ushonaji. Mtu kama huyo unamnyima nini? Mwezi wa pili, Ngolo akiwa ameshahamia Mikumi, Yared alipata kazi kubwa ya kuchomelea nondo za madirisha ya shule, na mashine ilikuwa inakunywa umeme kama punda aliyetoka safari. Siku moja, mama akiwa kanisani, alipitisha waya pembeni ya mita, umeme uingie bila kuhesabiwa. Kioo cha mita kikalala. Nyumba ikaendelea kuwaka.

"Mwezi mmoja tu, mdogo wangu. Mama asijue."

Ijumaa ya wiki hiyo hiyo, ting. Anitha alisimama mbele ya mita akiwa na simu mkononi. Alibonyeza. Mita ilikuwa maiti, haikupokea hata namba moja. Angemwambia nini Ngolo, ambaye kazi yake ni kuwabaini watu wa aina hiyo hiyo? Akachukua daftari lake la vipimo vya wateja, na chini ya kiuno na bega la mwalimu mmoja, akaandika tarehe na zile namba ishirini, polepole, asikosee hata moja. Aliona ni dhambi kuzitupa. Kisha akamtumia ujumbe: *Asante mpenzi, umeingia.*

Mwezi mmoja wa Yared ukazaa wa pili. Siku ya Pasaka, mama alipokwenda kumwona mgonjwa, Anitha alimwendea kaka yake akiwa bado mezani.

"Kaka, naona aibu. Nitamwambia Ngolo aache kutuma."

Yared alitua mfupa wa kuku. "Wewe, usithubutu! Mita isiyonunua umeme inajitokeza yenyewe kwenye mfumo, wanakuja na gari na polisi. Hizo za mchumba wako ndizo zinazotufunika. Kwenye kompyuta nyumba hii inaonekana inanunua kila wiki. Mwache apende bwana!" Akacheka.

Anitha hakula tena siku hiyo. Alikuwa na siku tano za kufikiri. Ijumaa ikafika, ting, akafungua daftari, akaandika. *Asante mpenzi, umeingia.*

Mwisho wa mwezi wa nane, wiki mbili tu baada ya swali la Mama Happyness, gari lenye spika lilizunguka mji. "Wananchi wa Kilosa! Mageuzi ya umeme yamefika mlangoni kwako! Mita mpya inazungumza yenyewe na kompyuta, hakuna tena kubonyeza namba!" Yared aliuchomoa waya wake kabla gari halijamaliza mtaa. Mafundi walipokuja walikuta mita nzima, safi. Wakaing'oa, wakaiweka kwenye kreti pamoja na nyingine mia, ikaenda Mikumi.

Jumanne moja mchana ilifika mezani kwa Ngolo. Namba yake hakuhitaji kuisoma, aliijua kwa moyo kama mtu anavyojua jina la mama yake. Kompyuta ikamwonyesha: tokeni zilizonunuliwa tangu katikati ya Februari, ishirini na tisa. Zilizoingizwa, hakuna. Angekuwa mteja mwingine yeyote, Ngolo angesema "waya" kabla hajameza mate. Lakini hapo penzi lilimziba macho. Mwenzake wa meza ya pili akachungulia, akatania: "Labda shemeji kafungiwa sola na mtu!"

Utani ukamwingia kama mwiba. Akatoka nje, akapiga.

"Anitha, nani kakufungia sola?"

"Sola gani tena?"

"Usinifanye mtoto. Tangu mwezi wa pili hujaingiza tokeni yangu hata moja, na kila nikija taa zinawaka. Mama Happyness mwenyewe aliniambia hapo barazani, 'Kwa Anitha umeme hauishi, ana mfadhili.' Nikadhani ananisifia mimi! Ni nani huyo?"

"Hakuna mtu, Ngolo. Naapa."

"Basi niambie umeme unatoka wapi."

Nyuma ya nyumba mashine ya Yared ilikuwa inalia. Anitha aligeuka kuitazama.

"Nakusikia unavyonyamaza," Ngolo alisema. "Haya. Huyo wa sola akuoe." Simu ikakatika.

Ijumaa ilifika, saa saba ikapita, saa nane ikapita. Simu haikulia. Anitha alijikuta ameketi na daftari wazi mapajani.

Jumamosi asubuhi Ngolo alipiga, sauti kavu kama magunzi.

"Sikupigii kwa mapenzi. Nimesimamishwa kazi. Bosi Gerald kaiona ile mita. Yeye hakufikiria sola, kafikiria ujanja. Anasema mliruka mita, na mimi nilikuwa nanunua kidogo kidogo kwa simu yangu ili msionekane. Yared kaulizwa, kasema mita ilikuwa mbovu. Waya hakuna aliyeuona. Kilichobaki kwenye mfumo ni namba yangu ya simu. Jumatatu wanakaa kikao."

"Mungu wangu."

"Njoo Mikumi uniambie machoni. Kama ni mwanaume, niambie. Kama ni waya, niambie."

Anitha alipogeuka, mama yake alikuwa amesimama mlangoni, khanga begani.

"Nenda," alisema.

"Mama, hujui ni nini..."

"Macho yangu mabovu, lakini mita iliyolala niliiona tangu Kwaresma. Nilikuwa nawangoja nyie wawili mseme. Afadhali ningesema mimi." Alikaza khanga. "La kuvunda halina ubani, mwanangu. Nenda."

Mgahawa ulikuwa kando ya barabara kuu ya Mikumi, malori ya Tunduma yanapita mpaka vikombe vinagongana mezani. Anitha alivaa lile gauni la njano na zambarau. Ngolo alikuwa kwenye kona, shati la kawaida, bila rifleta, amekonda kwa siku nne kama mgonjwa wa miezi. Hakusimama kumpokea.

Anitha alitoa daftari kwenye mkoba, akaliweka mbele yake.

Ngolo alifungua. Kiuno, bega, urefu wa sketi, kisha tarehe, kisha namba ishirini. Akafunua ukurasa. Ijumaa nyingine. Akafunua tena. Alitoa simu, akalinganisha moja, ya pili, ya tatu. Zote zilikuwepo, hakuna namba iliyokosewa.

"Ni Yared," Anitha alisema. "Alipitisha waya. Mita haikupokea. Sikuweza kukuambia, ni kaka yangu. Lakini sikutupa hata moja."

Mabega ya Ngolo yalishuka taratibu. Kisha, Bwana asifiwe, akacheka, machozi yanamlenga. "Kumbe hakuna sola!"

"Sola itoke wapi, mpumbavu wewe?"

"Nimeshindwa kula siku nne kwa ajili ya sola! Dada, leta chai mbili. Na chapati. Kaa hapa, mpenzi, kaa karibu." Alimshika mkono juu ya daftari. "Unajua hiki ni nini? Hiki kinaniokolea kazi yangu. Nikimwonyesha Gerald, ataona nilikuwa natuma sijui lolote. Lakini nikimwonyesha, Yared atalala mahabusu. Siwezi kufanya hivyo bila wewe kukubali. Tutafikiri wote. Tutapata njia."

Chai ikaja. Ngolo aliimimina yake kwenye sosa ipoe, akampulizia Anitha na ya kwake. Kwa muda wa chapati moja walikuwa kama zamani.

"Ila wewe nawe," alisema, kinywa kimejaa, kwa utani tu. "Ungenizuia basi! Ungesema, 'Fundi Umeme, wiki hii tunazo za kutosha.' Uliniachia nitume tu, Ijumaa kwa Ijumaa?"

Uongo ulikuwa karibu, umeshaiva, ungesemeka kwa neno moja. Akilini Anitha alimwona mama yake pale mlangoni.

"Nilitaka kukuzuia. Yared akanikataza. Alisema nyumba isiyonunua inaonekana kwenye mfumo. Alisema zako ndizo zinazotufunika."

Ngolo aliacha kutafuna.

"Alisema lini?"

"Pasaka."

Aliuondoa mkono wake juu ya mkono wa Anitha. Akalifungua daftari, akaitafuta Pasaka. Akaweka kidole kwenye Ijumaa iliyofuata, akashuka nacho, tarehe kwa tarehe, ukurasa kwa ukurasa, midomo inacheza bila sauti. Zilikuwa kumi na tisa, zote Anitha alizipokea akijua. Kisha akafungua ujumbe kwenye simu yake na kuuweka mezani, kioo kikimtazama Anitha. *Asante mpenzi, umeingia. Asante mpenzi, umeingia. Asante mpenzi, umeingia.*

"Ngolo, lichukue daftari," Anitha alisema. "Mpelekee Gerald. Yared nitasimama naye mwenyewe, na mama anajua. Lichukue, likuokoe. Nakuomba."

Lori lilipita, sosa zikatetemeka. Ngolo alilifunga daftari taratibu, akalifuta jalada lake kwa kiganja kama mtu anayefuta vumbi kwenye Biblia, akalisukuma mpaka likagusa vidole vya Anitha. Akachukua simu yake. Akasimama, akasogeza pazia la shanga mlangoni, akatoka.