Oksijeni ya Mjukuu wa Wanjira

Siku ya kuvuna ndengu kule Gachoka, hakuna mkono unaobaki nyumbani. Wambeti alishikwa na uchungu tangu asubuhi, akamwambia mama mkwe wake, Wanjira.

"Mimba ya kwanza haina haraka," Wanjira akamjibu. "Tumalize mistari hii miwili, kisha twende."

Walimaliza mistari minne. Walipofika hospitali jua lilikuwa limepinda. Mtoto alizaliwa kimya, midomo ikiwa ya samawati. Wauguzi walimpulizia hewa mpaka kifua kikaanza kupanda na kushuka. Kisha wakamwekea oksijeni kwa mirija midogo puani.

Kesho yake Wanjira aliona jambo lililomkata maini. Kisigino cha mtoto kilikuwa kimedungwa kidogo tu ili damu ipimwe, lakini damu haikukoma. Ililowesha pamba ya kwanza, ya pili, hata ya tatu.

Wanjira alimkumbuka marehemu mumewe, Njoka. Naye aliwekewa oksijeni, na jioni hiyo hiyo akafa.

"Munyi," akamwita mwanawe, "ni hii gesi iliyomwua baba yako! Inafanya damu ya mtoto iwe maji. Itolewe, twende naye nyumbani."

Munyi alimtazama mkewe. "Mama ameona mengi," akasema polepole.

"Haya hajayaona," Wambeti akajibu, akishikilia kitanda cha mtoto kwa mikono miwili. "Mtoto wangu hatoki hapa."

Wanjira akanyoosha mkono kwenye mrija. Nelius, muuguzi wa watoto wachanga, akaudaka mkono huo kwa upole. Hakufoka, alimwita kwa heshima ya nyanya.

"Cucu, mzee alianza kuugua kabla ya oksijeni au baada?"

"Kabla. Kifua kilimbana wiki mbili."

"Sasa ukimkuta jirani akizima nyumba inayoungua, utasema ndiye aliyeichoma?"

Wanjira akaushusha mkono.

"Uchungu ulikuwa mrefu, mtoto akakosa hewa," Nelius akaendelea. "Akikosa hewa, si ubongo tu unaoumia. Ini pia huumia. Ini ndilo linalotengeneza vitu vya kugandisha damu. Likichoka, damu huchuruzika hivi. Oksijeni haigandishi damu yenyewe, lakini inalipatia ini nguvu ya kurudi kazini."

Wanjira aliinamisha kichwa. "Ni mimi niliyesema ndengu kwanza," akanong'ona.

"Siku nyingine, uchungu ukianza tu, mje," Nelius akasema. Hakuongeza neno la kumwumiza.

Akachukua damu kidogo katika chupa nyembamba ya kioo, akaifumbata kiganjani ili isipoe, aone kama itaganda. Munyi akatazama saa. Baada ya dakika ishirini Nelius akaiinamisha chupa. Damu ikatiririka kama chai.

Daktari aliagiza mtoto adungwe vitamini K tena, zaidi ya ile anayodungwa kila mtoto anapozaliwa. Akaongezewa pia ule umajimaji wa damu wenye vitu vya kugandisha, uliotoka kwa watu waliojitolea. Oksijeni iliendelea. Kila mara Nelius alisoma kipimo cha oksijeni kilichofungwa mguuni mwa mtoto, akiongeza hewa au kupunguza. Alisimama hapo mpaka miguu ikamvimba. Wanjira, aliyelima tangu utotoni, alijua kazi ngumu akiiona. Akaanza kumletea uji.

Siku ya tatu Nelius akafumbata chupa nyingine. Dakika ya tisa akaipindua juu chini. Damu haikusogea.

"Imeshika!" Wambeti akapiga kelele. Munyi akageukia ukutani, akafuta macho.

Siku ya tano Nelius alikuja kuitoa ile mirija puani.

"Sista, usitoe!" Wanjira akamzuia. "Iache hata wiki!"

Wambeti akacheka kwa mara ya kwanza tangu ajifungue. "Mama, si wewe uliyetaka itolewe?"

"Nilikuwa mjinga. Sasa nimesoma."

"Basi soma na hili, cucu," Nelius akasema akitabasamu. "Oksijeni ni dawa. Ikipungua inadhuru, na ikizidi inadhuru, hasa macho ya mtoto. Ndiyo maana tunapima. Kazi yake imekwisha."

Akaitoa. Wote wanne walikikodolea macho kipimo cha mguuni. Namba hazikushuka. Mtoto akakunja uso, akafungua kinywa, akalia kwa sauti kali ya kudai maziwa, mpaka wodi nzima ikageuka kutazama.

"Aa, huyo ana njaa," Wanjira akasema, akimsogezea mkwewe kiti. "Mnyonyeshe, mwanangu. Ndengu nitazipura mimi."