Kidole cha Bibi Mastura

Kila ulipokaribia mkutano, Mzee Cassimo, katibu wa kijiji kimoja karibu na Palma, alipanda baiskeli akawapelekea watu habari. Kila mwenye shamba alibonyeza kidole gumba kwenye daftari lake kuonyesha kwamba amearifiwa. Mwaka ule gesi ilikuwa imegunduliwa baharini, magari meupe hayakuisha barabarani, na mikutano ilikuwa mingi kuliko harusi.

Asubuhi moja mguu wa Mzee Cassimo ulivimba hata viatu vikamkataa. Binti yake Zuleica, mwenye miaka kumi na mitatu, alikuwa ameshashika usukani wa baiskeli kabla hajatumwa. Mtoto huyo hakujua kutulia, hata akiwa anakula.

"Kesho saa nne wanaandika mashamba," baba alimwambia. "Asiyekuwepo haandikwi, na asiyeandikwa halipwi shamba lake likichukuliwa na watu wa gesi. Anza na Bibi Mastura. Uvuke hori kabla maji hayajaanza kujaa."

"Najua, Baba!" alijibu. Zuleica alijua kila jambo, hasa kabla hajalifanya.

Bibi Mastura alikuwa mjane aliyepika chumvi ng'ambo ya hori, ule mkono wa bahari unaovukika maji yakitoka tu, na shamba lake la chumvi ndilo lililomlisha. Lakini Zuleica alianza na nyumba za karibu, kisha akasimama barabarani kutazama winchi ikishusha mabomba ya chuma. Alisema moyoni atatazama kidogo tu. Alipofika kwenye hori, maji yalikuwa yameshafunika mizizi ya mikoko.

Njia nyingine ilikuwa kuzunguka kwa barabara ya kijiji cha Mute, mwendo wa saa tatu. Zuleica alitazama kushoto, akatazama kulia. Akafungua kisanduku cha wino, akabonyeza kidole chake mwenyewe mbele ya jina la Bibi Mastura.

Nyumbani hakukalika. Aliketi, akainuka, akafagia ua uliokwisha kufagiwa. Baba yake alifungua daftari.

"Bibi Mastura umemkuta?"

"Nimemkuta."

Mzee Cassimo aliusogeza ukurasa kwenye mwanga. "Kidole hiki kina mistari."

"Vidole vyote vina mistari, Baba."

"Cha Mastura hakina. Miaka arobaini anapika chumvi, ngozi imelika yote. Akibonyeza, linabaki doa tupu."

Hakugomba. Alichukua fimbo yake, akavaa kandambili moja, ya pili ikakataa kuingia, akaanza kuchechemea kuelekea kwenye baiskeli. Zuleica alisikia uchungu kuliko kama angepigwa.

"Baba, rudi! Nilichelewa, nikaogopa, nikadanganya. Niache niende mimi."

Baba alimwachia baiskeli. "Nenda kwa barabara. Ulale kwake, kesho uje naye."

Zuleica alikanyaga pedali kama anayefukuzwa. Malori yalimpita yakimmwagia vumbi. Baada ya Mute aliingia njia ya mchanga, akazunguka kichwa cha hori, akafika kwenye jangwa la chumvi. Chini kulikuwa kweupe na kugumu kwa macho tu, maana gurudumu lilizama. Alisukuma, tope likamfika kwenye muundi, mnyororo ukachomoka mara mbili. Jua lilikuwa linashuka na yeye alikuwa anawaza jambo moja. Je, kama Bibi Mastura hayupo? Hatimaye akaona moshi wa chumvi inayopikwa, na machozi yakamtoka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona umekuja kwa njia ya nyuma, na tope mpaka masikioni?"

Zuleica alimweleza yote, na la kidole pia. Bibi Mastura alicheka, kisha akaacha kucheka.

"Kidole chako kilikaribia kunilia shamba langu, mwanangu," alisema, akampa maji ya kunawa.

Asubuhi Zuleica alisimama ukingoni, akitikisa mguu. "Bibi, twende!"

"Bado. Maji ya leo yanachelewa kutoka kuliko ya jana."

Walivuka maji yakiwa mapajani, baiskeli begani kwa Zuleica. Ng'ambo, bibi alipanda kwenye keria, na mtoto akakanyaga mpaka pumzi ikamkauka.

Mkutanoni majina yalikuwa yanasomwa. "Mastura Mwinyimadi! Hayupo?" Dona Ermelinda, mama mwandishi aliyetoka wilayani, alikuwa ameshainua kalamu kukata jina.

"Yupo!" Zuleica alipiga kelele na kengele kwa pamoja.

Bibi Mastura alibonyeza kidole. Dona Ermelinda akakunja uso. "Mama, hili ni doa. Nitajuaje kwamba ni wewe?"

Mzee Cassimo aliinuka kwa fimbo yake. "Ni yeye, Dona. Tazama daftari langu, la miaka kumi na mmoja."

Dona Ermelinda alifunua kurasa, na katika kila ukurasa alikuta doa lile lile. Kisha akafika ukurasa wa jana, ambapo palikuwa na kidole chenye mistari. Zuleica alitamani ardhi immeze. Lakini kidole kile kilikuwa kimekatwa kwa mstari wa kalamu, na chini yake kwa mwandiko wa baba paliandikwa: *Hiki ni cha mwanangu. Bibi Mastura hajaarifiwa.*

Dona Ermelinda alisoma, akamtazama Zuleica, akamtazama baba yake. "Anayeandika hivi juu ya mtoto wake, namwamini," alisema. Akaliandika shamba la Bibi Mastura.

Wakirudi nyumbani, Zuleica akisukuma baiskeli na baba kaketi kwenye keria, Mzee Cassimo alisema, "Umeona? Lile daftari ni karatasi tu. Leo limeokoa shamba la mtu kwa sababu halijawahi kusema uongo. Kazi ikikushinda, sema imekushinda, tutatafuta njia. Ukidanganya, unatufungia njia zote."

"Nimeelewa, Baba. Nisamehe."

"Nimekusamehe tangu jana, uliposhika njia ya Mute."

Mkutano uliofuata, Zuleica alivuka hori saa tatu asubuhi, maji yakiwa bado hayajaanza kujaa. Winchi ilikuwa pale pale barabarani, na yeye hakugeuza shingo.